Kuacha Kazi Bila Kutoa Notisi
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Mbeya na Iringa)

 

Halmashauri ya chama imetuomba tuseme habari za mtu aachaye kazi bila kumpa mwajiri wake ilani, ambayo makazini sote twaiita notisi. Tulipoombwa tulidhani kuwa ni jambo la nusu saa, kisha chai. Lakini tulipofungua sheria, na kuyakumbuka mashauri ambayo wanachama wametuletea miaka hii, tuliona kwamba watu wengi, tena waliosoma, huamini mambo mawili yanayopingana, na yote mawili si kweli. Wengine huamini kuwa aachaye kazi ghafula atakamatwa. Wengine huamini kuwa hapana litakalompata, maana kazi ni yake na miguu ni yake. Kati ya hofu ile na ujasiri huu watu wamepoteza fedha, na wengine wamepoteza jina jema, ambalo ni ghali kuliko fedha.

Twapenda kuanza na kisa kimoja. Hatutataja jina la mtu wala la duka.

Kijana mmoja, mwenyeji wa Rungwe, alikuwa akiandika vitabu vya ghala katika mji wa Iringa. Mapatano yake ya kazi hayakuwekewa mwisho, na mshahara wake ulikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Siku moja katikati ya mwezi alipigiwa simu kutoka hapa Mbeya, akaambiwa ipo nafasi iliyo bora, lakini yapasa aanze Jumatatu. Mama yake alikuwa mgonjwa, na kuwa karibu na nyumbani kulikuwa na maana kubwa kwake kuliko ile nyongeza ya mshahara. Basi Jumamosi alifunga ghala, akampa mlinzi funguo, akapanda basi. Hakuandika hata mstari mmoja. Alisema baadaye kwamba aliona haya, kwa kuwa yule tajiri alimpokea alipokuwa hana kitu.

Majuma mawili yakapita. Mwajiri mpya akamtaka alete hati ya utumishi kutoka alikotoka. Akapiga simu Iringa. Yule tajiri wa kwanza, aliyekuwa amekasirika mno, akamjibu kwamba hati hatoi, mshahara wa zile siku halipi, vyeti vya shule alivyovishika tangu siku ya kuajiri harudishi, na tena atakwenda polisi kuandikisha kuwa mtumishi wake ametoroka. Kijana akaja kwetu jioni pamoja na babu yake, mzee wa miaka yapata 90. Kijana alikuwa na wasiwasi wa fedha. Mzee alikuwa akitetemeka kwa jambo jingine. Alituuliza, "Watamfunga?"

Tulitaka kucheka, tukajizuia, maana tulikumbuka mzee yule alikotoka. Ujanani alichukuliwa kwenda Tanga kukata mkonge, akawa mmoja wa wale walioitwa manamba, kwa kuwa kule mtu alijulikana kwa namba yake kuliko kwa jina lake. Kwa watu wa siku zile swali lake halikuwa la kuchekesha.

Tuirudie habari hiyo kidogo, kwa sababu Nyanda hizi zetu za Juu Kusini ziliijua kuliko sehemu nyingi. Mwaka 1923 Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Kwa sheria ile mapatano ya kazi hayakuwa mapatano tu baina ya watu wawili. Mtumishi aliyeondoka kabla ya muda wake alihesabiwa kuwa mkosaji, akaweza kushitakiwa, akatozwa faini au akatiwa gerezani. Huko mashambani palikuwa na kipande: kadi ya siku thelathini za kazi, kila siku ikitiwa alama kazi imalizikapo, na mshahara haukulipwa mpaka kadi ijae. Aliyekiacha kipande chake nusu aliziacha na alama zake. Watu wa Rungwe, Njombe na Iringa waliyajua hayo katika machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, katika mashamba ya Wazungu wa huku kwetu, na mbali zaidi katika mkonge wa Tanga, hasa baada ya wenye mkonge kuunda ofisi yao ya kutafuta watu mwaka 1944, ile iliyoitwa SILABU. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya kusini. Neno "kutoroka" lilipata uzito wake hapo. Siku hizo lilikuwa neno la mahakamani.

Tena la kustaajabisha ni hili, kwamba huko Uingereza kwenyewe kumfunga mtu kwa sababu ya kuvunja mapatano ya kazi kulikuwa kumekwisha kuondolewa tangu mwaka 1875. Yaani lile lililoonekana halifai kwa mfanyakazi wa kwao lilionekana lafaa kwa mfanyakazi wa Mufindi miaka 48 baadaye. Shirika la Kazi la Ulimwengu lilitoa mkataba wake wa kwanza juu ya adhabu hizo kwa wenyeji mwaka 1939, na mwaka 1955 likatoa mwingine wa kuzifuta kabisa. Mwaka huo huo wa 1955 Tanganyika nayo ilitunga sheria mpya ya kuajiri iliyoshika mahali pa ile ya 1923. Leo Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 yakataza kazi ya shuruti, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, yakataza vile vile.

Basi tulimjibu mzee: La, baba, hawatamfunga. Kuacha kazi bila notisi si jinai. Polisi hawana kazi na jambo hili, wala hapana hakimu awezaye kumwamuru mtu arudi ghalani akashike kalamu kwa nguvu. Mzee aliuliza mara ya pili, kisha akanyamaza. Tuliona kwamba hakutuamini sana.

Hapo ndipo kijana alipotabasamu, akadhani mambo yamekwisha. Ikatubidi tumgeukie yeye.

Sheria ya 2004, katika kifungu chake cha 41, yasema hivi. Ikiwa mapatano ya kazi ni ya namna inayoweza kukomeshwa kwa notisi, notisi hiyo isipungue siku 7 kwa mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza wa kazi. Baada ya hapo, kibarua wa siku au wa juma ni siku 4, na mwenye mshahara wa mwezi ni siku 28. Angalieni kwamba ni siku 28, si mwezi mzima, ijapokuwa wengi husema mwezi. Mapatano yaweza kuweka muda mrefu zaidi, lakini uwe sawa kwa pande zote mbili. Tumepata kuona mkataba mmoja hapa hapa Mbeya uliomtaka mfanyakazi atoe miezi mitatu na mwajiri atoe mwezi mmoja. Sheria haikubali mizani ya namna hiyo. Tena notisi iwe kwa maandishi, ionyeshe sababu, na ionyeshe tarehe iliyotolewa. Kumwambia msimamizi mlangoni, "Bwana, mimi mwezi ujao sipo," si notisi, hata msimamizi akiitikia.

Na asiyetoa je? Sheria yasema kwamba mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika muda wa notisi, mwajiri aweza kukata, katika fedha zozote anazomwia wakati wa kuachana, kiasi kile ambacho mfanyakazi angalilipwa kama angaliufanya ule muda. Aliyeondoka bila notisi kabisa hawi na hali njema kuliko yule aliyetoa akakataa kuitumikia. Hilo ndilo pigo la kwanza, nalo ni la fedha.

Tulikaa na kijana tukapiga hesabu. Jedwali la sheria ile huonyesha namna ya kuugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa juma, nayo ni kuugawa kwa 4.333. Shilingi 400,000 zikigawanywa hivyo ni kama 92,300 kwa juma, na siku 28 ni majuma manne, basi ni kama shilingi 369,000. Upande wa pili tuliweka mshahara wa siku alizofanya mwezi ule pamoja na malipo ya likizo aliyokuwa hajaichukua, ikawa yapata 410,000. Ukitoa kimoja katika kingine, zimebaki shilingi 41,000. Kijana aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Alikuwa ameiacha Iringa akidhani anadai zaidi ya laki nne, kumbe alikuwa anadai nauli ya basi na kodi ya juma moja.

Walakini yule tajiri naye alikuwa amekosa, tena mara tatu. Mosi, kukata si kunyang'anya. Hesabu yapasa ifanywe, na kilichobaki kilipwe, hata kiwe kidogo. Mwajiri hana ruhusa ya kukata katika mshahara ila kwa njia zilizotajwa na sheria, na "nimekasirika" haimo. Pili, hati ya utumishi hutolewa kila mapatano ya kazi yanapokoma. Sheria haikusema itolewe kwa walioagana vizuri tu. Tatu, vyeti vya shule ni mali ya aliyevisomea, si rehani. Tungependa kila mwanachama alishike neno hili la tatu, maana desturi ya kushika vyeti vya watu kabatini ipo katika miji yetu yote miwili, na wafanyakazi huikubali kwa sababu siku ya kuajiriwa mtu hana sauti. Mwonyeshe cheti cha asili, mwachie nakala.

Tulimwandikia tajiri barua ya adabu, tukakiri kosa la kijana kwanza. Tuliona hivyo ni vema, kwa kuwa barua ianzayo kwa madai hujibiwa kwa hasira. Tukamwekea hesabu, tukamwambia kwamba tusipoelewana shauri litapelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Halikufika huko. Vyeti vilikuja kwa basi, hati ikaja, na zile 41,000 zikaja kwa simu. Kijana yuko kazini hapa Mbeya.

Lakini mwafahamu lililotutia hofu katika kisa hiki kuliko fedha? Ni zile funguo alizopewa mlinzi. Mtu aliyeshika ghala akaondoka bila makabidhiano ameacha nyuma yake mlango usio na mwenyewe. Kama mifuko ya saruji ingalipungua siku ile au siku ya pili yake, angalithibitishaje kuwa haikupungua mkononi mwake? Hapo shauri halingalikuwa tena la notisi. Lingalikuwa la wizi wa mtumishi, na hilo ni jinai kweli kweli, na babu angalikuwa na sababu ya kutetemeka. Kwa hiyo, mwenye kushika fedha, bohari, gari, kompyuta au mihuri ya mwajiri asidhani kuwa notisi ni karatasi ya heshima tu. Zile siku 28 ni siku za kuhesabu, kuandika orodha, kutiwa sahihi na mtu wa pili, na kubaki na nakala. Hata mwenye kulazimika kuondoka leo hii, akabidhi kwanza, kwa maandishi, ndipo aondoke.

Tena ipo tofauti kubwa kati ya aachaye barua mezani na aondokaye kimya. Aliyeandika, hata kama hakutimiza siku, ameacha kazi, naye adaiwa zile siku. Aliyenyamaza, kwa machoni pa mwajiri, hajaacha kazi bado. Amekosekana tu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zahesabu kukosekana kazini zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, kuwa kosa zito liwezalo kumwachisha mtu. Mwajiri mwenye kufuata utaratibu atamwita kwa barua, atafanya kikao, na asipotokea atamwachisha kwa utoro. Ndipo mtu hugundua miaka kadhaa baadaye, anapoulizwa habari zake na mwajiri wa tatu, kwamba katika vitabu vya yule wa kwanza hakuandikwa "aliacha" bali "aliachishwa". Karatasi moja ingalimwokoa.

Sasa tuseme habari ya saa 24. Hapana mwanachama asiyelijua neno hili: "Nimetoa notisi ya saa 24." Husemwa kana kwamba ni mlango uliofunguliwa na sheria kwa wenye haraka. Katika Sheria ya 2004 mlango huo haumo. Yaliyomo ni siku 7, siku 4 na siku 28. Yawezekana mkataba wako umeandika kwamba upande wowote waweza kuachana kwa saa 24 kwa kumlipa mwenziwe mshahara wa mwezi mmoja. Ikiwa umeandika hivyo, lipa, uchukue stakabadhi, uende kwa amani. Lakini kama mkataba haukusema, saa 24 zako ni kutotoa notisi kwa lugha ya kujifariji, na mwajiri aweza kukata kama tulivyokwisha eleza.

Na likizo nayo huchezewa. Mtu huomba likizo yake ya siku 28, akishafika kwao Makete au Kyela huandika barua kwamba ameacha kazi na siku za likizo zihesabiwe kuwa notisi. Sheria yakataza notisi kutolewa wakati wa likizo, wala kwenda pamoja nayo. Kizuizi hiki ni cha pande zote mbili, nacho chatulinda sisi pia, maana bila hicho mwajiri angaliweza kutupa likizo kwa mkono wa kuume na kutuachisha kwa mkono wa kushoto.

Jambo jingine ni lugha ya barua zetu. Karibu kila barua tuletewayo imeandikwa juu yake: YAH: KUOMBA KUACHA KAZI. Kisha mtu hukaa akingoja kujibiwa, na asipojibiwa hujiona hana ruhusa ya kuondoka, au siku ya 29 huondoka huku moyo wamdunda. Katika kazi za watu binafsi zisizo na muda maalumu, notisi si maombi. Ni taarifa. Andika tarehe, andika sababu kwa ufupi, andika siku ya mwisho ya kazi, ipeleke katika nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri au itiwe sahihi ya kupokelewa. Bwana akikataa kuipokea, iwekwe mbele ya shahidi. Na kama atakuambia, "Kwa kuwa umeandika, ondoka leo hii," basi ondoka, lakini zile siku za notisi akulipe, maana ni yeye aliyezikatisha.

Hayo yote ni kwa mapatano yasiyo na mwisho. Wenye mkataba wa muda maalumu, wa mwaka au miaka miwili, na siku hizi ndio wengi miongoni mwa vijana, wasikie vema. Kanuni za 2007 zasema kwamba aliyekubali muda maalumu aweza kuacha kabla ya muda ikiwa tu mwajiri ameuvunja mkataba katika jambo kubwa. Kama mwajiri hakuvunja, njia ya halali ni kumwomba wakubaliane kuukatisha mapema. Hapo ndipo neno "kuomba" lina mahali pake. Watu wawili wametiana sahihi mpaka Desemba. Mmoja akiondoka Agosti amevunja, hata akitoa notisi, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umeweka kifungu cha notisi, na mingi huweka. Someni mikataba yenu kabla ya kuisahau. Na palipo na mapatano ya kurudisha gharama za masomo, mtu aliyesomeshwa na mwajiri akaondoka kabla ya miaka aliyoahidi, deni hilo husimama pembeni ya notisi. Mwajiri aweza kulidai mbele ya Tume, na kama atadai hasara nyingine yapasa aithibitishe, si kuitaja tu.

Je, hapana wakati ambao mtu aweza kuondoka siku ile ile na sheria ikawa upande wake? Upo. Sheria yenyewe yasema kwamba mambo ya notisi hayaondoi haki ya upande wowote kukomesha mapatano bila notisi kwa sababu inayotambuliwa na sheria. Tena mwajiri akifanya kazi isivumilike hata mfanyakazi akaacha, sheria huhesabu kwamba aliyekomesha ni mwajiri. Tulikuwa na mama mmoja katika wilaya ya Mufindi, mpishi wa mahali fulani, aliyekaa miezi minne bila mshahara akipewa ahadi na unga. Alipoondoka aliambiwa adaiwa notisi! Huyo hakudaiwa kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akidai, na kama mwajiri ndiye aliyekomesha, mfanyakazi aliyetimiza mwaka aweza kustahili hata kiinua mgongo, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka mzima wa kazi mpaka miaka 10, ambacho aachaye kwa hiari yake hakipati.

Lakini yule mama aliponzwa na saa. Alikuja kwetu miezi mitano baada ya kuondoka. Shauri la kuachishwa isivyo haki yapasa lifikishwe mbele ya Tume katika siku 30, na mashauri mengine katika siku 60. Aliyechelewa huanza kwa kuomba asamehewe kuchelewa kwake, na kueleza sababu, na sababu ya "sikujua" ni nyepesi sana. Alisema hakuja mapema kwa kuwa alikuwa shambani akivuna mahindi ya kuwalisha watoto aliokuwa nao. Tuliandika hivyo hivyo. Hatukuona aibu kuandika. Tume ina ofisi hapa Mbeya na ina ofisi Iringa, na fomu haina malipo. Lililo ghali ni siku.

Twageukia sasa watumishi wa Serikali, ambao chama hiki ni chao hasa, tangu desturi hii ya watumishi kuungana ilipoanzishwa Tanga mwaka 1922 na akina Martin Kayamba. Tutasema kwa ufupi, si kwa kuwa jambo ni dogo, bali kwa kuwa njia yenu ni nyingine. Ninyi mnaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na kanuni zake. Kuondoka kituoni bila ruhusa kwenu ni kosa la nidhamu liwezalo kumfukuzisha mtu, na aliyefukuzwa hatazamwi kama aliyejiuzulu. Kuanzia mwaka 2016 sheria yataka mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi za rufaa zilizo ndani ya utumishi kabla ya kwenda kwenye Tume ya Usuluhishi. Twalisema hili kwa sababu mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikwenda moja kwa moja kwenye Tume, akarudishwa, na alipoanza upya muda wa rufaa ulikuwa umepita. Mwenye kutaka kujiuzulu aandike kwa mamlaka yake ya ajira kupitia kwa mkuu wake, na asifunge mizigo kabla ya kujua siku ya mwisho iliyokubaliwa.

Michango yenu ya pensheni haipotei. Iwe NSSF kwa watu wa kazi binafsi, iwe PSSSF iliyoundwa mwaka 2018 kwa watumishi wa umma, fedha ile si ya mwajiri, na mwajiri hawezi kuikata kwa ajili ya notisi. Wapo wanaotishwa kwa hilo, na wapo waliokubali kuandika karatasi za kusamehe madai yao kwa kuogopa. Msiandike. Ila fao la kukosa ajira ni la aliyeondolewa kazini, si la aliyejiondoa mwenyewe. Msiache kazi mkilitegemea.

Baada ya kusoma maneno haya tuliulizwa maswali mengi, na Katibu ametutaka tuandike mawili. Bwana mmoja wa Iringa aliuliza: ikiwa fedha anazodai mfanyakazi ni chache kuliko za notisi, je, mwajiri aweza kushika baiskeli yake iliyobaki ghalani? Tulijibu kwamba hawezi. Sheria imempa ruhusa ya kukata katika fedha anazomwia mfanyakazi, na fedha hizo zikiisha, kilichosalia ni deni la kudaiwa kwa njia ya Tume kama madeni mengine. Baiskeli irudishwe.

Na bibi mmoja wa Mbalizi, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, aliuliza kama msichana wa kazi za nyumbani naye ana notisi. Watu wakacheka. Tukajibu kwamba anayo: akiwa wa mshahara wa mwezi ni siku 28, na yule aliyemwajiri anawiwa siku 28 vile vile, tena kwa maandishi. Kicheko kikakoma, na tuliwaona mabwana kadhaa wakiangalia saa zao.